Uzito Nyuma ya Lori

Lori lilizimika mbele ya nyumba ya Nambozo kwa mara ya tatu msimu ule, na safari hii hakutoka kulicheka. Mara ya pili alimtania dereva, Faraj, Mnubi wa Jinja, kwamba gari lake limepata mchumba hapa Namatala. Leo mvua ya mlimani ilikuwa imekatika tangu asubuhi, njia ilikuwa tope tupu, na nyuma ya lori aliona jambo lililomsimamisha nywele. Alama za magurudumu zilikuwa nne. Mbili pana zilikuwa za lori. Mbili nyembamba zilifuata kila kona, kama za kitu kinachovutwa, na nyuma ya lori hapakuwa na kitu.

"Dereva, unavuta nini?"

"Sivuti kitu, mama." Faraj hakugeuka kutazama. "Hata pamba sijapakia. Lakini tangu Jinja linahema tu. Tajiri wangu, Bwana Ghanshyam, alilinunua kwenye mnada wa jeshi, anasema ni bei ya bure. Bure gani hii!"

Nambozo akaitazama kulabu nene ya chuma iliyokuwa nyuma ya lori. "Na hii ya nini?"

"Ya kuvutia mizinga ya vita. Malori ya Bedfodi yalibeba askari, ya Doji yalibeba risasi. Hizi Morisi fupi ndizo zilizovuta mizinga. Nilikuwa vitani Burma, naijua kazi yake. Kwani hapa ni kwa nani?"

"Kwa Wamboga, mume wangu. Naye alivuta mizinga huko huko."

Alisema hayo kwa fahari, utadhani mumewe ametoka kidogo kwenda sokoni. Serikali ilimwambia hajulikani alipo, na kwa miaka kumi Nambozo aliishi ndani ya maneno hayo. Kila mwaka shemeji yake, Mafabi, alikuja kumsihi wazike mgomba badala ya mwili, kama wanavyozikwa waliopotelea mbali, ili ndugu yake apumzike. Kila mwaka alimfukuza. Loo! Kumzika mtu aliye hai si ndiyo kumuua?

Faraj alikaa kwenye kikanyagio cha lori, amenywea.

"Shemeji," alisema, na kwa neno hilo tu Nambozo akajua kwamba alikuwa mwenzake Wamboga, na kwamba habari si njema. "Lori lake lilizama mtoni, yeye akiwa kwenye usukani. Mzinga ulilivuta nyuma. Nilikuwa ukingoni. Tulimwita, tukamwita. Hakutoka."

"Basi ndilo hili?"

"Silo. Lake liko chini ya maji mpaka leo. Ndiyo maana naogopa."

Nambozo alitaka kumtukana, amwite mwongo, amfukuze kama alivyomfukuza Mafabi.  Badala yake akazunguka nyuma ya lori, akaishika kulabu. Ilikuwa ikichuruzika maji ya baridi, yenye harufu ya matope ya mto asioujua, na ilitetemeka kama mkono wa mtu aliyebeba mzigo muda mrefu mno.

"Mume wangu," alinong'ona. "Umechoka hivi, na mimi ndiye niliyekushikilia?"

Akachomoa pini ya kulabu. Lori likainuka juu ya springi zake kwa kishindo. Nyuma yake, mahali palipokuwa patupu, tope likabonyea taratibu, kana kwamba kitu kizito kimetua. Faraj alipojaribu injini, ikawaka mara moja, akaondoka bila kuaga. Nambozo hakumlaumu. Alimtuma jirani kwa Mafabi, amwambie alete mgomba.

Mafabi alikuja jioni na mgomba begani, peke yake, akitembea upesi. Akaulaza mlangoni, na Nambozo akaufunika kwa shuka la mumewe. Mafabi akainama auinue tena, akashindwa. Waliitwa wanaume wanne, wakauteremsha kaburini kwa shida, jasho likiwatiririka, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni.

"Polepole," Nambozo aliwaambia. "Ametoka mbali."

Ndipo akaangua kilio cha mjane, kile alichojinyima miaka yote, na wanawake wa Namatala wakaja mbio kumshika.