Kable Yenye Nilizika

Bibi yangu Agnès, mwenye nilioa, alikuwa na imprimante, mashini ya kuchapa, mu salon yetu, kartier Bel-Air. Na ile mashini alikuwa anachapa maprogramu ya misa za bafu, bantu benye bamekufa: sura ya marehemu pa mbele, nyimbo mu katikati, kushukuria bantu pa nyuma. Kartier muzima ilikuwa inakuja kwake. Miye masomo niliishiaka mu darasa ya ine. Kazi yangu ilikuwa kukunja makaratasi.

Alikufia ku hospitali fulani. Oksijeni iliisha, na mukubwa mwenye alikuwa na funguo ya depo kwenye banaweka ingine alikuwa kwenye mukutano. Siseme jina yake. Anajijua.

Siku ya kumuzika nilifanya vile baba yangu alifanyiaka mama. Kwetu muntu akikufa, anaenda na kintu ya kazi ya mukono yake. Mama alienda na jembe. Agnès, kila mangaribi, alikuwa anazungusha kable ya imprimante, ile kamba yenye inaiunga na kompyuta, mu vidole, anaiweka muzuri. Njo nikaivuta, nikamutilia mu sanduku. Nilivuta na hasira. Nyuma ya mashini kintu ikalia ka! Sikuangalia.

Mwaka ikapita. Misa ya kutosha kilio, kumaliza matanga, ikawekwa siku ya posho, Jumamosi. Miye nikasema mbele ya famille yote, bandugu bote: sura ya Agnès itatoka mu mashini ya Agnès. Haitatoka kwa muntu mwingine.

Sasa ni Ijumaa, saa sita, na hakuna hata karatasi moja.

Shemeji yangu Chisanga, mudogo mwanamuke wa Agnès, aliikala pa kiti mikono kifuani. Mutoto yake Séphora, mwenye anatengenezaka ma-ordinateur, ma-kompyuta, mu ville, katikati ya muji, alikuwa anaangalia nyuma ya mashini na tochi ya telefone.

"Papa Léo," akaniambia, "nilileta kable mbili, lakini hata ulete mia. Pa kuingizia kable palivunjika. Nani alivuta hivi?"

Nikachukua karatasi nyeupe, nikaanza kuikunja.

"Ni yeye," Chisanga akasema. "Shemeji, ulizika ndugu yangu, ukaona haitoshi, ukazika na kazi yake!"

"Shemeji, weye ulikuwa pale, ulilia sana, haukusema kitu."

"Nilizani ni rozari! Séphora, beba ile sura, twende bachape mu ville. Courant inakatika saa nane."

Ile njo kweli. Courant, ule umeme, banatupatiaka kidogo kidogo, sawa dawa ya mutoto. Bale bakubwa ku kwabo haizimikake.

"Mama, ngoja," Séphora akasema. "Kable ni njia moja tu. Kuko batu banaunga mashini na kasanduku ka wifi ka mu nyumba, ma-ordinateur yote inapitia pale. Hapa hakana. Lakini hii iko na njia ya tatu: inatoa wifi yake yenyewe, telefone inaongea nayo moja kwa moja."

"Inapitia wapi?" nikauliza.

"Mu hewa, papa."

Nikacheka vibaya. Maji, yenye iko na tuyo, bomba yake, chini ya barabara tangu zamani ya Babeleji, haifikake ku robine yangu. Na sura ya bibi yangu ipitie mu hewa?

Séphora akafinya kabutoni ku mashini. Ka-taa ka buluu kakaanza kupepesa. Akatafuta ile wifi mu telefone: hapana. Akazimisha, akawasha. Hapana. Chisanga akasimama, akafunga kitambaa ku kichwa, tayari kwenda. Saa saba na nusu. Nikaona vile kesho batu bataikala mu kanisa na karatasi ya mashini ya muntu mwingine.

Ka-taa kakaacha kupepesa. Kakabaki vile, kanawaka.

"Imeshika," Séphora akasema pole pole. Akanipa telefone. Sura ya Agnès ilikuwa pale, na chini neno moja: chapa. "Finya weye, papa. Toka inje kwanza, uone."

Nikatoka. Nikapita mulango, nikafika ku portail, geti ya inje. Kati yangu na mashini kulikuwa ukuta, pazia, na jua. Hakuna kamba. Nilifuata na macho, pengine nione kintu kinapita. Kuku ilipita.

Nikafinya.

Mu nyumba, mashini yenye ilinyamaza mwaka muzima ikakohoa, ikavuta karatasi. Nikashika portail. Nilifinya hapa, ikasikia kule. Tangu nizaliwe niliomba bantu bakubwa mingi, uso kwa uso, na hakuna mwenye alisikia. Hii ilinisikia na ukuta katikati.

Nikarudi mbio. Chisanga alikuwa amepiga magoti mbele ya mashini, mikono mbili wazi, anapokea. Agnès alikuwa anatoka kichwa kwanza: nywele, macho, ile meno yake ya mbele. Chisanga akaweka karatasi ku shavu yake, ilikuwa bado na moto.

Halafu akapangusa macho, akaangalia saa.

"Shemeji, unasimama pale sawa nguzo? Zimebaki kopi makumi nane. Tia karatasi!"