Maua Meupe ya Mama Makasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Makasi, na hakukuwa na haja ya kuuliza sababu. Nyumbani kwake makasi yalikuwa mfukoni mwa aproni, juu ya redio, hata kwenye glasi ya miswaki bafuni. Siku moja mumewe aliyakalia kwenye kochi, akaruka juu akidhani kaumwa na nge. Kulikuwa na ya kukata mstari, ya kukata mawimbi, ya kukata meno kama ya msumeno, na madogo yenye ncha yanayoweza kuzunguka sikio la mtu pichani bila kulijeruhi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza albamu za picha, na si zile za dukani za kuchomeka picha kwenye nailoni ukaita umemaliza. Yeye alianza na karatasi yenyewe. Aliiloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea, akaianika, akaipiga pasi, ikatoka na sura ya kitu kilichokaa sandukuni tangu enzi za babu. Kingo alizipitisha kwenye mwali wa mshumaa, kidogo tu, kisha akazisugua kwa kidole. Vikaratasi vyembamba alivizungushia kwenye njiti ya ufagio hadi vikajikunja kama konokono, akavipanga vikawa fremu. Mswaki aliuchovya kwenye rangi na kuufyatua kwa kidole gumba, ukurasa ukapata manyunyu. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliiita kazi hiyo chekechea ya watu wazima. Lakini albamu ya harusi ya huyo huyo wifi ilikaa katikati ya meza ya sebuleni kwake, na ole wake mgeni aliyeigusa bila kunawa mikono.

Mama Makasi alikuwa na tabia mbili ambazo msomaji lazima azijue. Ya kwanza, aliamini kila picha ina mwenyewe mmoja. Mtu wa pembeni, alisema, huiba jicho. Kwa hiyo watu wa pembeni aliwakata. Ya pili, hakutupa kitu. Karatasi ya picha ni nzito, na mgongo wake ni mweupe usio na doa. Basi vipande alivyokata alivipitisha kwenye kitoboleo, kidude cha chuma cha kubonyeza kwa kiganja kinachotoa ua la petali tano, na maua hayo akayabandika uso chini, mgongo juu. Aliyapaka gundi mwili mzima ili yasinyanyuke hata ncha. Wateja walipoyasifu alicheka tu. Siri ya jiko haisemwi mezani.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na mvi nyingi. Mama yake alifariki yeye hajajua kutembea, na dada yake hajajua kuhesabu. Walilelewa na shangazi yao. Picha ya mama haikuwepo. Nyumba waliyozaliwa ilikuwa imeuzwa, vitu vimetawanyika, baba naye akafa bila kulitaja jina la marehemu mkewe zaidi ya mara chache. Fundi bomba hakuwa mtu wa kulia lia. Ila mara moja moja, akiwa amekaa na kikombe chake cha chai, alisema neno ambalo mkewe hakulizoea hata kidogo:

"Hata nikipishana naye njiani, simjui."

Halafu shangazi akahama nyumba, na chini kabisa ya sanduku lake ikatoka bahasha ya kaki. Aliituma kwa dereva wa lori, pamoja na ujumbe wa mdomo ambao dereva aliurudia neno kwa neno, maana shangazi alikuwa amemkaririsha kama mtoto wa shule: "Waambie mama yao yumo humo. Ila wasianze kukisia. Nakuja mwenyewe, nimwonyeshe kwa kidole changu."

Fundi bomba aliishika bahasha ile kwa mikono miwili. Wifi, aliyekuwa amefika mbio baada ya kusikia habari, alitaka ifunguliwe pale pale.

"Hapana," kaka yake akamwambia. "Nikifungua nitaanza kujiuliza, ni huyu, ni yule. Nimengoja maisha yangu yote, siwezi kungoja siku chache?" Akamgeukia mkewe. "Iweke wewe. Shangazi akija, tukamjua, ndipo umtengenezee mahali pake."

"Sawa," akasema Mama Makasi. Na siku hiyo alimaanisha.

Lakini mwenye mikono inayowasha asikabidhiwe bahasha. Kila alipopita kabatini aliiona. Alimpenda mumewe, na lililomsukuma ni mapenzi hayo hayo. Uovu haukuwamo hata chembe, na hiyo ndiyo shida ya mambo haya. Alijiambia kwamba mama mkwe anayekuja nyumbani kwa mara ya kwanza hapokelewi kwenye kaki iliyochanika. Alitaka siku ile imkute amevaa. Asubuhi moja mumewe alipokwenda kuzibua mabomba ya watu, akafunga mlango, akafuta meza, akamwaga picha.

Hazikuwa nyingi. Wanaume wamesimama na baiskeli. Jengo linajengwa. Mbuzi, sijui wa nani, amepigwa picha peke yake kama mheshimiwa. Picha yenye wanawake ilikuwa moja tu, na Mama Makasi alipoiona alivuta kiti akakaa. Mbele ya nyumba, katikati kabisa, mwanamke mwenye paji pana amekaa kwenye kiti cha mbao na mtoto mchanga mapajani. Na mtoto yule, kwa masikio yale yaliyochomoza kama vishikio vya chungu, alikuwa mumewe. Hakukuwa na ubishi. Masikio yale alikuwa analala nayo kila siku.

"Karibu, mama," alimwambia mwanamke wa kwenye kiti, machozi yakimlengalenga.

Kulia kwa picha kulikuwa na mlango, na mlangoni amesimama mwanamke mwingine, nusu kivulini, beseni kiunoni. Mtu wa pembeni. Alimwibia jicho mwenye kiti. Mama Makasi alichukua makasi ya mawimbi akaikata picha umbo la yai, mlango ukaanguka mezani na aliyekuwamo.

Alifanya kazi ile kwa siku kadhaa, kila mumewe akitoka, na hajawahi kufanya nzuri kama hiyo. Ukurasa aliuchovya chai mara mbili. Fremu aliipaka rangi ya dhahabu, akaipitishia utepe. Kisha akachukua vile vipande vya mlango, akabonyeza kitoboleo, akazungushia maua meupe pande zote kwa ajili ya mama mkwe. Mabaki madogo yaliyosalia aliyafagia.

Shangazi alifika mchana wa Jumapili, miguu imevimba kwa safari, ulimi mzima. Alipewa kochi, akapewa stuli ya kuweka miguu. Wifi alikaa mkono wake wa kulia, fundi bomba wa kushoto, amevaa shati la kwendea harusini.

"Haya, leteni bahasha," akasema shangazi.

Mama Makasi akaleta albamu.

Mumewe aliitazama, akamtazama yeye. "Si tulikubaliana tungoje?"

"Nimemvisha tu mama yako," akajibu kwa sauti ndogo. "Fungua. Ukurasa wa katikati."

Alifungua. Fundi bomba aliinamisha kichwa hadi paji lake likakaribia paji la mwanamke aliye kwenye dhahabu, akasema, "Mama." Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote maishani mwake, na lilimtoka vibaya, kama bomba lililokaa bila maji. Wifi alianza kulia waziwazi. "Tazameni pua, jamani! Si pua yangu hii? Kumbe nimemchukua yeye!" Akamvuta Mama Makasi akamkumbatia, akasema hataiita tena kazi ile chekechea. Mama Makasi naye akalia. Kama dunia ingekoma hapo, angekufa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Shangazi aliomba miwani yake. Aliuvuta ukurasa hadi puani.

"Huyu nani?" akauliza.

Walicheka. Walidhani ni utani wake.

"Huyu? Huyu si mke wa seremala, jirani yetu!" Naye akacheka, bila kujua anachokivunja. "Mtoto ndiye wewe, naam, kwa masikio hayo nani asikujue. Lakini mama yenu alikuwa anaosha vyombo mpiga picha alipopita. Tukamwita aje akae, akakataa katakata, eti mikono ina sabuni na nguo imelowa. Akampa jirani mtoto, akasema, 'Mpigeni mwanangu, mimi nitawatazama.' Akasimama mlangoni na beseni lake. Mwangalieni, yuko pale mlangoni."

Kidole chake kilichosafiri mbali kuja kufanya kazi hiyo moja kilitoka kwenye kiti, kikaelekea kulia, kikafika ukingo wa mawimbi, kikapita fremu ya dhahabu, kikasimama juu ya maua.

"Mlango uko wapi?"

Uongo ulimjia Mama Makasi tayari umevaa viatu: ilifika hivyo hivyo, imekatika, muulizeni dereva wa lori. Alifungua mdomo auseme, akaona kidole cha shangazi bado kimegusa ua, akashindwa.

"Mlango niliukata."

"Umeuweka wapi?" akauliza mumewe. Bado alikuwa mpole. Bado alidhani ni kitu cha kwenda kuchukuliwa kabatini.

"Ni haya maua."

Ilibidi aeleze. Aliwaeleza kitoboleo, gundi, uso chini na mgongo juu, na kila neno lilipotoka alilisikia linavyosikika. Wifi alisimama. "Umemkata mama yetu vipande ukamfanya pambo la mke wa seremala?" Mwanamke yule aliyekuwa na dhihaka kwa kila jambo hakuwa na dhihaka hata moja, alilisema kama anayeomba aambiwe si kweli.

"Nyamaza, dada," akasema fundi bomba. "Kilichofungwa hufunguliwa. Mke wangu, chemsha maji."

Yeye alikuwa mtu wa kufungua vitu. Alileta kisu chembamba, akashikilia ukurasa juu ya mvuke wa birika, akangoja. Mama Makasi aliijua gundi yake, aliwahi kujisifu kwa wateja kwamba itawazika wao na watoto wao, lakini angemwambiaje? Alimshikia taa. Ua la kwanza lilinyanyuka. Kisha wakaona kilichonyanyuka ni karatasi nyeupe tupu. Picha yenyewe ilikuwa imebaki chini, imeyeyuka ndani ya gundi, tope la kijivu. La pili walijaribu bila mvuke, likachanika. La tatu mumewe aliligusa tu kwa ncha ya kisu, akakiweka kisu mezani.

"Kila tukigusa tunampunguza," akasema.

Aliyatazama maua yaliyobaki. Yalikuwa yanafanana yote. Uzuri wake ulikuwa huo. "Uso uko kwenye lipi?"

"Sijui, mume wangu."

"Hukuona ulipokuwa unabandika?"

"Yalikuwa yamelala kifudifudi." Na kwa kuwa sasa alikuwa anasema kweli na hakujua tena mahali pa kuikomea, akaongeza, "Kitoboleo huacha mabaki kati ya ua na ua. Nilifagia. Huenda uso haumo hata kwenye moja."

Wifi aliuliza habari za mpiga picha. Shangazi akatikisa kichwa. Alikuwa mpita njia na mashine yake ya miguu mitatu, hakuonekana tena. Maji yaliyomwagika hayazoleki, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa sebuleni na waliokuwa na kiu. Mama Makasi alitamani mumewe apige kelele, avunje kitu, amfukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa chini tena pembeni mwa shangazi yake, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka.

"Basi wewe tueleze, shangazi," akasema. "Ulimwona. Alikuwaje?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akachelewa kuivaa.

"Alikuwa mrefu," akaanza. "Si mrefu sana. Wa kadiri. Alikuwa na macho..." Alijaribu tena, akaacha. "Mwanangu, nisikudanganye. Uso wake ulinitoka zamani. Picha nilipoiokota nilimjua kwa mlango na kwa beseni, basi. Macho yangu haya yana ukungu, usoni niliona kivuli tu. Ndiyo maana nikaja. Nilisema nitaweka kidole, na nyie wenye macho mtaniambia alikuwaje."

Akageuka polepole kumtafuta Mama Makasi, aliyekuwa amesimama bado na taa mkononi, mchana kweupe.

"Wewe ulikuwa naye hapa mezani," akamwambia bila hasira yoyote. "Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Hebu tuambie, mkwe wangu, alikuwaje?"

Fundi bomba aliinua uso, na dada yake akaacha kulia ili asikie vizuri. Wote watatu wakamgeukia, wakangoja kwa tumaini ambalo hakuwahi kuliona machoni mwao, na Mama Makasi akatafuta, akatafuta. Hakuwa amemtazama.