Viazi vya Kuandikiwa Amina

Chepkemoi alikuwa na magunia kumi na moja ya viazi stoo, na mdomo ambao haukupenda kufunguka mbele ya watu. Wanawake wengine wa Kuresoi walipanga ndoo zao kando ya barabara ya Molo, na gari likipunguza mwendo walilikimbilia wakiita, "Kastoma! Kastoma wangu!" hata kama hawajamwona huyo kastoma tangu wazaliwe. Chepkemoi alijaribu siku moja. Alisimama nyuma ya ndoo yake kama mtu aliyeitwa kwa chifu, na magari yakapita.

Na Shangi, aina aliyopanda, si kiazi cha kungoja mtu apate ujasiri. Ukishakivuna, wiki chache tu kinaanza kuchipuka.

"Wewe ni wa zamani," binamu yake Kimberly, aliyesomea ususi Nakuru mjini, alimwambia. "Biashara siku hizi ni Facebook. Huko hakuna kuongea. Unaweka picha, unaweka bei, watu wanakuja wenyewe."

Hakuna kuongea! Chepkemoi alifunguliwa akaunti siku hiyo hiyo, akapigwa picha shambani, kiazi kikubwa kila mkono, akitabasamu kwa kulazimishwa.

Watu walikuja kweli. Jerry wa Naivasha aliuliza, "Bei?" ilhali bei iliandikwa kwa herufi kubwa. Alipojibiwa akauliza, "Na wewe je, uko na mtu?" Mwanamume aliyeko Qatar alisema picha imemkumbusha nyumbani, akaweka nyuso tisa zinazolia. Mama fulani alisema hivyo ni vidogo, kwao Kinangop kiazi ni kama kichwa cha mtoto. Hakuna aliyeuliza njia ya kufika.

Wiki ya pili picha ikahama. Ukurasa mmoja wa maombi ulikuwa umeichukua, ukakata bei na namba ya simu, ukaandika: DADA HUYU ALIPANDA KIAZI KIMOJA TU KWA IMANI. ANDIKA AMINA UPOKEE MAVUNO KAMA HAYA KABLA YA IJUMAA. Watu elfu nne walikuwa wameshaandika Amina. Mmoja wao alikuwa shangazi Jepkorir, ambaye shamba lake lilipakana na lao.

Chepkemoi alivuka ua akamwendea.

"Shangazi, hivyo viazi ni vyetu. Wewe mwenyewe ulitusaidia kuvuna."

"Najua."

"Na hatukupanda kimoja."

"Mtoto, kwani Amina inauma? Kama ni uongo, sijapoteza kitu. Kama ni kweli, unataka nikose?"

"Basi nunua gunia."

"La nini, na nimeshadai mavuno yangu bure?"

Chepkemoi alirudi nyumbani akaandika chini ya picha: "Dada huyu ni mimi. Viazi viko Kuresoi na vimeanza kuchipuka. Mwenye imani aje na gunia." Aliyasoma maneno hayo mara tano, jasho likimtoka, kisha akatuma.

Walimjibu haraka kuliko walivyowahi kumjibu juu ya bei. "Shindwa!" "Adui wa baraka!" Mmoja alimshauri aache wivu, maana dada wa kwenye picha amemshinda kwa sura na kwa bidii.

Mwenye ukurasa mwenyewe alimwandikia kando. "Bwana asifiwe dada. Picha yako imegusa wengi. Tunaomba nyingine ukiwa umepiga magoti, na viazi viwe vikubwa kidogo."

"Utanunua?" akauliza Chepkemoi.

"Dada, sisi tunahudumia roho, si tumbo."

Kimberly aliruka kwa furaha. "Umejulikana! Piga magoti haraka, mwanga ni mzuri."

"Watu elfu nne, Kim, na hakuna hata mmoja mwenye sufuria?"

"Ngoja wafike elfu kumi."

"Mimi naweza kungoja. Viazi ndivyo haviwezi. Nionyeshe hii akaunti inafungwa aje."

"Ufunge, halafu uuzie wapi? Wewe, ukiambiwa kanisani usalimie watu unajificha nyuma ya nguzo!"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini aliona jambo jingine pia: huko alikokimbilia ili anyamaze, watu walikuwa wamemsemea maneno ambayo hajawahi kuyasema, na hakuna aliyetaka kusikia yake. Kimberly alikataa kumwonyesha, basi akatafuta mwenyewe mpaka akapata pa kuifunga. Simu ilimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Hata wazee waliokuja kumposa dada yake hawakuuliza mara nyingi hivyo.

Asubuhi iliyofuata alibeba ndoo mbili mpaka barabarani. Gari la kwanza lilipita akiwa bado anameza mate. La pili lilipokaribia alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ingemtosha kuku. La tatu, pikapu ya bluu, alilipigia kelele mpaka wanawake wenzake wakageuka.

Dereva alirudi kinyumenyume. "Siste, umesema nini?"

"Viazi."

"Ni freshi?"

Uso ulimwaka moto. "Vimeanza kutoa macho. Ukivipika wiki hii ni vitamu. Wiki ijayo utavipanda."

Dereva alicheka, akashuka na gunia tupu. "Leo nimepata mtu wa kusema ukweli barabara hii! Uko na ngapi?"

"Stoo iko magunia kumi na moja."

"Na nikitaka kurudi? Uko Facebook?"

"Niko hapa," alisema Chepkemoi, akainua ndoo ya kwanza akaimwaga guniani.