Daraja la Meja Anyelwisye

Tangu ukadeti, Meja Anyelwisye alifundishwa kwamba mjenzi husimama chini ya daraja lake gari la kwanza linapopita. Miaka thelathini jeshini alisimama hivyo, hata vitani. Alipostaafu akatujengea daraja la magogo hapa Talatala. Wa kwanza kulivuka tungekuwa sisi, tuliobeba jeneza la mkewe, Adela.

“Shemeji, shuka chini basi tupite,” alisema Lusungu, kaka wa marehemu. “Au hili la kwetu hulishukii?”

Mzee akaligonga gogo la kati kwa fimbo, akasikiliza. Akaligonga tena.

“Zungukeni kwa njia ya Ipinda,” akasema.

Tukazunguka na mvua. Alitufuata kwa mbali, na makaburini hakuna aliyemwita tena Afande.