Kufungua Shokapu

Hadiya alijua ameliharibu bomba la shokapu kabla hata halijapoa. Alikichukua chuma cha ndani, akakitumbukiza. Kikateremka hadi katikati, kikakwama. Akakisukuma kwa kiganja, akakigonga kwa nyundo ya mpira. Kikakaa palepale, kimegoma.

"Usilipige, Injinia," Herman akamwambia kutoka kwenye mashine yake ya kuchonga vyuma. "Hilo bomba limekuzidi umri. Lisalimie kwanza."

Siku nyingine angecheka. Safari hii alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia upande mwingine ili Herman asimwone macho. Pete ya chuma waliyoichomelea kwenye mdomo wa bomba ilikuwa imekaa vizuri, tena inapendeza. Ila moto wa kuchomelea ulikuwa umelibana bomba kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kiasi hicho ndicho kilichokuwa kikimnyima pumzi.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Gari la kaka yake Nurdin, dogo, jeupe, la zamani, lilikuwa limeshushwa kwa springi fupi na ngumu ili lisiyumbe kwenye kona. Shokapu za mbele zikabaki zilezile ndefu, kwa hiyo zikakosa nafasi ya kubonyea. Mwaka jana kwenye mbio za magari za Dirma, Nurdin alipoingia kwenye korongo baya la barabara ya Katesh, shokapu ziligonga mwisho kwa kishindo, kioo cha mbele kikapasuka, na mbio zake zikaishia hapo. Shokapu za kisasa za mashindano klabu ya mbio ilizikataza makusudi, ili mwenye pesa asiwaonee wenzake, na hata zisingekatazwa, nyumba yao ya Katesh haikuwa na wa kuzinunua. Kanuni ilisema shokapu ibaki na bomba lake la kiwandani. Basi Hadiya, ambaye chuoni alisomea ufundi wa magari, akawaza hivi: bomba libaki lilelile, cha ndani ndicho kibadilike. Akate mdomo wa bomba, atoe chuma cha zamani, aingize kifupi kilichotoka kwenye gari bovu huko Mbulu mjini, kisha juu afunge kifuniko cha kuzungusha kwa spana.

Na ruhusa alikuwa ameomba. Hilo hakutaka mtu amwambie hakulifanya. Alimfuata Mzee Margwe, mkaguzi wa klabu, kwenye hoteli anapokunywa chai. Sentensi alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima. Alipofika mbele ya yule mzee, pamoja na wanaume wengine mezani, sauti ikamshukia tumboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani, mzee, naomba kuuliza. Inaruhusiwa kufungua shokapu?"

Mzee Margwe akapuliza chai yake. "Kufungua? Fungua tu, binti. Nani anafanya kazi bila kufungua?"

Wanaume wakacheka, naye akaondoka haraka akiwa amefurahi, uso unawaka.

Furaha ile aliihitaji kwa sababu ya maneno ya Nurdin. "Nakupa gari," kaka yake alikuwa amemwambia, mama yao akisikia. "Likipita kwa wakaguzi likakimbia, gereji yangu inakuwa ya kwetu wawili, mimi na wewe. Likirudishwa, asubuhi yake unafungua duka na sitaki kusikia habari za spana tena."

Duka lilikuwa la mama, la vitenge na sabuni na betri za redio. Hadiya alilisimamia tangu atoke chuo. Hakulichukia. Ila kila mteja alimwambia arudie bei, maana haisikiki, na jioni aliondoka akiwa amechoka kama aliyepiga kelele kutwa. Gereji hakuna aliyemwambia arudie. Vyuma havikumtaka azungumze.

Kwa hiyo aliinuka kwenye ndoo, akaanza bomba la pili. Safari hii alitia chuma kingine kizito ndani ili bomba lisijibane, na Herman akachomelea nukta moja moja, wakisubiri ipoe. Umeme ukakatika. Umeme uliporudi, ukaja ule upepo wa Katesh na vumbi lake, ukajaza mchanga kwenye nyuzi za kuzungushia kifuniko. Wakasafisha. Kifuniko kikafunga, lakini chuma cha ndani kikawa kinacheza kama jino bovu. Herman akachonga bushi, kipete cha kukikaza. Bushi ikawa nene. Akaichonga tena, ikawa nyembamba.

"Injinia," akasema Herman, jasho linamtoka, "kama wewe ni mchumba wa mtu, namwonea huruma. Hukubali kitu."

"Inacheza," Hadiya akasema kwa sauti ndogo.

"Naijua inacheza! Naichonga nyingine!"

Mwishowe ikakubali; lile bomba la kwanza Herman akalitanua ndani kwa mashine, zikawa mbili, ya kulia na ya kushoto. Akazipaka rangi nyeusi zisipate kutu. Kesho yake walikwenda Dirma wakiwa wamechelewa, na pale korongoni Nurdin alipita polepole kama amebeba mayai, asije akavunja kitu kabla ya kukaguliwa. Kwa hiyo hata yeye hakujua amepanda gari la namna gani.

Uwanja wa Dirma ulikuwa umejaa. Magari yalipangwa mstari mmoja kwenye majani makavu, mengine yamefungwa milango kwa waya. Upande wa kulia wao alikuwa Sulle wa Bashay, ambaye gari lake lilikuwa na rangi tatu na mdomo wake hauna breki.

"Nurdin! Safari hii umekuja na kioo cha akiba?"

"Nimekuja na dada yangu."

"Ah, basi utashinda. Huyu hata akikasirika hatutasikia."

Mzee Margwe alifika akiwa na fimbo na miwani iliyofungwa uzi. Hadiya akamwamkia. Mzee akaitikia, akainama chini ya gari, akagonga hapa, akatikisa pale, akauliza habari za breki, akaridhika. Kisha akaelekeza fimbo kwenye tairi la mbele la kushoto.

"Hapa nitataka kuona vizuri. Fungua shokapu, nikirudi nione." Akaenda kwa Sulle.

Hadiya aliona fahari imempanda hadi masikioni. Anataka kuona kazi! Akapiga jeki, akatoa tairi, akafungua nati za juu na boliti mbili za chini, akaitoa shokapu nzima na springi yake. Mwingine yeyote angeishia hapo. Yeye akachukua vibano, akaibana springi, akaitoa. Akatandaza kanga safi kwenye majani. Akazungusha kifuniko kwa spana, taratibu, akakivuta kile chuma cha ndani, kinang'aa kwa oili, akakilaza kwenye kanga kando ya bomba lake. Nurdin alikuwa amekwenda kutafuta maji. Hakukuwa na wa kumwambia acha.

Mzee Margwe aliporudi alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiki nini?"

"Shokapu, mzee. Nimeifungua."

"Nimekwambia ufungue shokapu, hukuambiwa uipasue! Nilitaka uitoe kwenye gari, nione zile boliti kama hazijaliwa." Akainama, akapitisha kidole kwenye ile pete iliyopakwa rangi. "Hapa pamekatwa. Hapa pamechomelewa. Nani kakata?"

"Mimi, mzee. Nilikuuliza. Hotelini. Ukasema nifungue."

"Kufungua ni kufungua nati!"

"Na mimi nilisema…"

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Akaiokota spana. Watu walikuwa wamekusanyika. Kila mmoja pale alikuwa amefungua kitu maishani mwake, na kila mmoja alikuwa na maoni. Mmoja akasema kufungua ni kutoa. Mwingine akasema mbona redio ukiifungua unaona nyaya za ndani. Sulle akauliza kama Injinia anaweza kumfungua mama mkwe wake aone kuna nini ndani. Wakacheka. Nurdin alikuwa amesharudi, chupa ya maji mkononi.

"Bomba ni lilelile la kiwandani, mzee," Hadiya akasema, lakini alisema akiitazama kanga.

Mzee Margwe akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Hadiya zaidi, maana angekuwa mbaya angemchukia apumzike. "Mwaka juzi kijana mmoja alikata bomba kama hivi. Likakatikia palepale alipochomelea, tairi likatangulia mbele yake. Mungu alimsaidia. Hata kama yako ni nzuri, leo sina namna ya kujua. Ungesema kukata, binti, ningekaa na wewe mapema, ningekuja kuiona ikitengenezwa. Hukusema kukata." Akaliwekea gari alama ya chokaa kwenye boneti. Halikimbii.

Hadiya akarudisha vyote kimoja kimoja. Mikono ilijua kazi, macho yalijaa maji. Magari yalikuwa yakiondoka moja moja kwa muungurumo, watu wakishangilia, naye yuko chini ya gari akikaza asichokiona. Alikasirika na Mzee Margwe, na Sulle, na lugha yenyewe iliyokuwa na neno moja kwa kazi mbili. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana neno la kukata alikuwa nalo siku ile hotelini. Lilikuwa mdomoni. Aliona ni neno kali la kumwambia mzee mbele za watu, akachagua la upole.

Walianza kurudi Katesh jua bado kali. Nurdin alishika usukani. Alipokasirika aliendesha kwa kasi, na safari hii alikasirika hata akasahau barabara. Hadiya aliliona korongo likija.

"Kaka."

Hakusikia. Gari likatumbukia, Hadiya akafumba macho, akasubiri kishindo.

Hakikuja. Gari lilibonyea, likajikusanya, likainuka upande wa pili kama ng'ombe anayetoka mtoni. Nurdin akakanyaga breki, vumbi likawapita. Akakaa ameshika usukani. Kisha akarudi nyuma, mbali, akaingia tena kwa kasi kubwa zaidi. Kimya. Akarudi mara nyingine.

"Halijagonga," akasema.

"Halijagonga na hakuna aliyeona!" Hadiya akasema. "Sulle anashangiliwa na springi zake za kukatakata, na mimi…"

"Mimi nimeona."

"Wewe si mkaguzi!"

Nurdin akamgeukia. Haikuwa kawaida kusikia sauti hiyo ndani ya gari. Akaondoa gari polepole. Baada ya kona mbili Hadiya akainua kichwa.

"Simama. Kuna kitu kinagonga."

"Sisikii kitu."

"Kinagonga kushoto. Simama, Nurdin! Simama!"

Akasimama ghafla hata jeki ikaruka nyuma ya kiti. Hadiya alikuwa ameshateremka. Moja ya zile boliti za chini, aliyoikaza akiwa analia, ilikuwa imelegea nusu. Akavuta jeki na spana.

"Unafanya nini?" Nurdin akauliza.

"Nafungua tairi."

"Kufungua kupi?"

Hadiya akamtazama kama anataka kumpiga na spana. "Kufungua kwa Mzee Margwe," akasema. "Nati."

Akalala chini, akakaza boliti kwa nguvu zote. Halafu akakaza na ya pili ambayo haikuwa imelegea. Kutoka kule chini aliona viatu vya kaka yake vikienda na kurudi barabarani, kisha akasikia simu ikiita.

"Mama, shikamoo. Hapana, limerudishwa… Ndiyo, limekataliwa… Naye yupo, yuko chini ya gari." Akasikiliza. "Mama, kesho duka afungue mdogo wetu Samira. Huyu ana safari ya kwenda kwa Mzee Margwe kuuliza swali upya."

"Sijasema nakwenda!" Hadiya akapaza sauti kutoka chini ya gari.

"Umemsikia, mama?" Nurdin akasema. "Ndiyo, ni yeye."