Bango la Rubani Gemalyn

"Maembe yamezidisha uzito," Gemalyn alisema, macho yake yakiwa bado kwenye mizani. "Punguza kidogo, au yahamishie kwenye begi la mkononi."

Mwenye sanduku alilisogeza tu vizuri mizanini. Lilikuwa la katoni, limezungushiwa kamba ya nailoni kwa ufundi wa kibaharia, fundo juu ya fundo, na ubavuni limeandikwa kwa wino mzito: OSTING, CABATUAN, ILOILO. Gemalyn alilitambua lile jina. Aliinua uso taratibu, kama mtu anayetumaini kwamba akichelewa kidogo atamkuta mwingine.

"Inday," akasema Ninong Osting, baba yake wa ubatizo, akimwita kama wanavyoitwa mabinti wa kwao. "Kwani wewe si rubani?"

Hakukuwa na pa kujificha. Alikuwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa ya wahudumu wa kaunta, kitambulisho kikining'inia shingoni. Asubuhi ile alitoka nyumbani na shati jeupe la rubani, lililopigwa pasi na baba yake mwenyewe mpaka mikono ikasimama. Alipofika uwanjani akaingia choo cha wafanyakazi, akalivua, akalikunja na kulizika ndani ya begi. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku ya kazi tangu mwaka uanze.

"Nipo njiani, Ninong," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni kwa muda tu."

"Kwa muda." Mzee alitupia jicho foleni iliyokuwa nyuma yake, kisha akainama. "Na ile sura iliyobandikwa nyumbani kwenu ni ya nani? Maana jina langu lipo pale chini, kwenye wachangiaji. Tena kwa herufi kubwa."

Gemalyn alijilazimisha kutabasamu. Ile sura ilikuwa yake, na ndiyo iliyomfikisha alipofika.

Kule kwao mtoto wa mtu akifaulu mtihani, bango huwa limeshachapishwa kabla mwenyewe hajamaliza kupongezwa. Yapo ya wauguzi, ya mapolisi, hata ya mshindi wa pili wa mashindano ya kukariri. Hufungwa kwa kamba kwenye ua wa mianzi, yakapigwa jua mpaka sikukuu ya mtakatifu wa mji ipite, kisha yakashushwa yakawa paa la banda la kuku. Lakini Tatay Pidiong, baba yake Gemalyn, alikuwa fundi wa kuchomelea, na furaha yake haikutaka kamba. Alitengeneza fremu ya chuma kwenye ukuta unaotazama barabara, akalibana bango kwa vipande vya bapa, kisha akachomelea pande zote nne. Alisema kimbunga kitang'oa kanisa kwanza. PONGEZI RUBANI GEMALYN PALABRICA, FAHARI YETU, liliandikwa, na pembeni akacheka mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kuwa ndiye aliyelipia uchapishaji, sura yake ilikuwa kubwa kuliko ya rubani.

Kosa la mzee lilikuwa moja. Alilichomelea siku ile ile shirika la ndege lilipomjulisha binti yake kwamba amekubaliwa. Kumbe kukubaliwa ni jambo moja na kuitwa ni jambo jingine. Gemalyn alifaulu kila kitu, darasani na kwenye mtambo wa mazoezi. Zilikuwa zimebaki zile safari za mwisho, akae kiti cha rubani msaidizi na kando yake kapteni mkufunzi, ndipo ahesabiwe rubani kamili. Hapo ndipo ulipoingia uongozi mpya na wimbo wake wa kubana matumizi. Safari za mafunzo zilionekana ni gharama. Zikasogezwa hadi baada ya Krismasi, kisha baada ya sikukuu ya Januari, kisha baada ya mvua. Marubani wa zamani walichoka kubebeshwa zamu za wenzao, wakahamia Uarabuni na Vietnam. Pengo lao halikuzibwa. Wanaosubiri nao wakapangiwa kaunta, kwa mshahara wa kaunta, na wahudumu wa kaunta wakapunguzwa. Kila aliyeuliza alipewa jibu lile lile, kwa upole ule ule: utaitwa.

"Hebu tusikawie," Ninong Osting alisema, akaanza kufungua mafundo yake. Alitoa maembe matano, moja moja, akayapanga kaunta mbele ya Gemalyn. "Haya kula wewe. Mimi nikifika Manila leo jioni, mengine sijali."

Meli ilikuwa inang'oa nanga alfajiri, alimweleza. Alikuwa amekaa nchi kavu kwa muda mrefu kwa ajili ya mgongo, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho kabla hawajamwambia amezeeka. Wakala alikuwa amemwonya kabisa kwamba asipoonekana leo, atapandishwa mwingine. "Pale Luneta mabaharia wanaotafuta meli wamejaa kibarazani, Inday. Wamevaa vizuri, wanakunywa kahawa, na wanaomba Mungu mtu kama mimi achelewe."

Gemalyn alimkabidhi kadi yake ya kupandia. Wakati huo huo mlango wa ofisi ulifunguka, na Bosi Rodel, msimamizi wao pale uwanjani, akamwita kwa kidole.

Ndani ya ofisi kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, nacho kwa kubana matumizi. Bosi Rodel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu. Alimwambia kwamba safari ya Manila haipo. Ndege ilikuwepo, imejazwa mafuta. Kapteni naye alikuwepo, amekaa ndani anasoma gazeti. Rubani msaidizi alikuwa amefikisha ukomo wa saa zake za kuruka, na wa akiba aliondolewa mwezi uliopita.

"Tangaza hali ya hewa mbaya Manila," alisema.

Gemalyn alielewa mara moja. Ikiwa ni hali ya hewa, hakuna wa kulaumiwa, na abiria atajijua mwenyewe kwa chakula na malazi. Ikiwa ni upungufu wa marubani, shirika litalazimika kuwahamishia kwenye ndege ya shirika jingine, la kaunta ya pili, iliyokuwa inaondoka saa sita, na kuwalipia.

"Manila kweupe, Bosi," alisema. Taarifa za hali ya hewa alikuwa anazisoma kila asubuhi, za Iloilo na za Manila, kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Hakuna aliyemtuma. Aliogopa kusahau.

"Najua kweupe." Bosi Rodel alijifuta jasho shingoni. "Gemalyn, wiki ijayo wanaita wawili kwenda kumalizia mafunzo. Jina lako wamenisomea kwenye simu leo leo. Wewe ni wa pili. Sasa naomba usinitie aibu, na usijimwagie unga."

Ndilo neno alilolisubiri mwaka mzima. Alilisikia, akalirudia kimoyomoyo. Wiki ijayo. Angetoka nyumbani na shati lile na asilivue. Angepita juu ya paa la baba yake akiwa ameketi mahali pake, na bango pale ukutani lingekuwa kweli tupu, na hakuna binadamu ambaye angewahi kujua kwamba kwa muda lilikuwa uongo.

Alirudi kaunta, akachukua kipaza sauti.

"Abiria wa safari ya Manila," alianza, "tunasikitika kuwatangazia kwamba safari yenu imefutwa kwa sababu ya..."

Akainua macho. Kioo kikubwa kilikuwa mbele yake, na ng'ambo ya kioo uwanja ulimeremeta kwa jua. Kile kifuko cha kitambaa kinachoonyesha upepo kilikuwa kimelala kwenye mlingoti wake. Ndege yao ilikuwa imeegeshwa karibu kabisa. Kupitia dirisha la mbele alimwona kapteni na gazeti lake, na upande wa pili aliona kiti kitupu.

Ninong Osting naye alikuwa ameinua uso kulitazama anga. Mtu aliyekula chumvi ya bahari miaka yote ile hafundishwi mawingu. Kisha akamgeukia binti yake wa ubatizo, akamtazama tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja aseme, na alionekana yuko tayari kuamini lolote atakalosema. Hilo ndilo lililomshinda Gemalyn.

"Kwa sababu hatuna rubani msaidizi," alisema. Alisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye dari. "Manila hakuna mvua, hali ya hewa ni nzuri. Kosa ni letu, kwa hiyo mna haki ya kuhamishiwa kwenye ndege ya saa sita. Nendeni kaunta ya pili sasa hivi. Mkiambiwa ni hali ya hewa, msikubali."

Abiria wakatazamana. Halafu mama mmoja mnene, mwenye kikapu cha biskuti, akauliza kwa sauti rubani msaidizi ni kitu gani hicho mpaka kikakosekana kama sukari ya mgawo. Watu wakacheka, na kicheko kikawafungua miguu. Wakaifuata kaunta ya pili kwa vishindo, masanduku yakigongana.

Bosi Rodel alitoka, akasimama mlangoni. Hakufoka. Simu ilikuwa tayari sikioni mwake na alikuwa akiitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo bwana. Alipomaliza alimwendea Gemalyn, akanyoosha mkono kuomba kitambulisho.

"Makao makuu kule Manila wanasema upumzike nyumbani," alisema. Akasita, kisha akamalizia, kwa mazoea tu: "Utaitwa."

Gemalyn alikivua kile kitambulisho. Hakulia pale, ingawa alitaka sana. Aliyaweka yale maembe matano ndani ya begi, juu ya shati jeupe, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Karibu na mlango wa kutokea Ninong Osting alimkimbilia, kadi mpya ikiwa mkononi, jasho linamtiririka. Alimwambia amepata kiti, cha nyuma kabisa, jirani na choo, lakini kiti. Halafu akaona shingo yake haina kitambulisho, na uso ukamshuka.

"Nimekuharibia, Inday."

"Nenda, Ninong. Watafunga mlango."

"Na baba yako? Maana mimi mdomo wangu unaujua. Nikipiga simu tu kutoka Manila, utaanza wenyewe."

"Nitamwambia mwenyewe. Leo."

Alirudi nyumbani na fulana yake ya chungwa mwilini. Njia ilikuwa ile ile ya kila siku, lakini kwa mara ya kwanza aliipita bila shati jeupe, na watu wakatazama. Manang Dolor, mwenye duka la kona, alimpigia kelele kwamba leo Kapitana kavaa kama muuza gesi. Gemalyn alimpungia mkono na kupita.

Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi Tatay Pidiong huosha bango. Alikuwa juu ya ngazi, ndoo ya sabuni imetundikwa kwenye ndoana aliyoichomelea kwa kazi hiyo, na kitambaa kinazunguka polepole kwenye neno FAHARI. Jua lilikuwa limekula rangi nyekundu na ya njano, ikabaki buluu peke yake. Uso wa Gemalyn ulikuwa wa buluu, meno ya buluu, na mwenyekiti wa mtaa naye anacheka kibuluu pembeni.

"Umewahi leo," alisema mzee bila kugeuka. Alikuwa ameitambua hatua yake.

"Shuka kidogo, Tay. Nina neno."

"Sabuni itakaukia. Sema tu, nakusikia."

Akasema. Alisema akiwa amesimama chini ya ngazi, begi limekumbatiwa kifuani, akiutazama mgongo wa baba yake. Alimwambia kwamba hajawahi kurusha hata safari moja. Mwaka huu wote amekuwa kaunta, anapima mizigo ya watu, na lile shati alilivua chooni kila asubuhi. Alimweleza ya Ninong na ya kipaza sauti, na kwamba wiki ijayo walikuwa wamwite, na sasa hawatamwita tena.

Kitambaa kiliendelea kuzunguka mahali pamoja, juu ya herufi ile ile, muda mrefu.

"Ile ya saa sita," mzee alisema mwishowe. "Ilipita hapa juu. Chini chini, mpaka mabati yakalia."

"Ninong alikuwemo."

"Niliipungia." Akahamia herufi nyingine. "Nilidhani ni wewe. Huwa nazipungia zote, maana sikuwa najua yako ni ipi."

Gemalyn aliitazama shingo ya mzee. Mwaka mzima amekuwa akimwona baba yake anarudi ndani na shingo inamuuma, na hakuwahi kumuuliza kwa nini.

"Tulishushe, Tay," alisema. "Kabla Ninong hajapiga simu."

"Halishuki. Nimechomelea pande zote." Aligonga fremu kwa kifundo cha kidole, na chuma kikajibu. "Labda tulikate. Na kukata nitakata mimi, si mtu mwingine. Lakini si leo. Leo nalisafisha."

Alikichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akaanza kuosha shavu la buluu la binti yake. Ndipo mngurumo ulipotokea nyuma ya mianzi, ukakua, ndege ya alasiri ya Cebu ikachomoza juu ya mapaa, tumbo lake jeupe likiwaka jua. Mkono wa mzee ulianza kupanda wenyewe, na kitambaa ndani yake. Ulifika usawa wa bega, ukakumbuka, ukasimama hapo hapo. Maji ya sabuni yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Ndege ilipita. Ngazi ilikuwa inatikisika. Gemalyn aliweka begi chini, akaishika kwa mikono yote miwili.