Ngojakwanza

Gizani, kabla taa ya jikoni haijawashwa, pipa lilicheua mara moja kama mtoto aliyeshiba. Mama Mizabibu akajua mvinyo wa mwaka jana umekomaa. Akawasha taa, akakinga jagi, akafungua bomba. Hakikutoka kitu.

"Haya," akasema.

Mvinyo ukatoka, mwekundu mzito, ukajaza jagi, ukakoma wenyewe.

Ndivyo zilivyo zabibu zake. Ni ndogo, ngozi nene, na huiva wiki tatu baada ya bonde zima kumaliza kuvuna. Zamani karani alipokuja kuandikisha mazao, alimkuta mama yake Mama Mizabibu, sasa marehemu, juu ya ngazi, mkasi mkononi, akipogoa. Akamuuliza jina la aina ile. "Ngoja kwanza," akajibiwa. Karani akaandika Ngojakwanza, akagonga muhuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo mvinyo wake hautoki chomboni mpaka mtu wa nyumba ile aseme haya. Wateja wamezoea. Kila chupa huambiwa neno hilo kabla haijatoka dukani.

Kisha Kampuni moja ya mvinyo ikakata vipandikizi kwenye ua wake, ikapanda kilima kizima, ikaomba kwenye ofisi ya usajili jina liwe lake. Lilibaki sharti moja: mvinyo uonjwe mbele ya afisa. Ukionjwa, Mama Mizabibu hataruhusiwa tena kuliandika jina hilo kwenye chupa zake. Miezi miwili chupa za Kampuni zilipinduliwa juu ya glasi, zisitoe hata tone. Ndipo akaitwa ofisini.

Alikwenda na binti yake wa miaka sita. Njiani walijizoeza kuishi bila lile neno.

"Mama, umechoka?"

"Kidogo. Haya, tembea."

"Umesema!"

Lilimponyoka mara tisa kabla hawajafika mlangoni.

Chupa ilikuwa mezani, kichwa chini, haina kizibo, mdomo wake ndani ya glasi tupu. Wakili wa Kampuni akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Chai?"

"Nitashukuru."

"Tuanze basi, eh?"

"Anza tu, baba."

Afisa alisema "haya" mara kumi na nne. Mvinyo haukumsikiliza; hakuwa mtu wa nyumba ile.

"Mama, neno moja tu," wakili akasema. "Hata mtoto analiweza."

"Basi lisemeni nyinyi mliosoma."

"Sisi tunalikuza jina lenu! Litafika mbali."

"Liende. Lakini mimi silisindikizi."

Afisa akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa karibu saa ya chakula. Akaokota kizibo kilichokuwa kando ya glasi, akakilamba, akaandika *umeonjwa*, akagonga muhuri.

"Kuanzia leo jina ni mali ya Kampuni," akamwambia. "Ukiliandika popote, ni kesi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwa hiyo utaacha?"

"Kuandika, ndiyo. Kutengeneza, hapana."

"Mvinyo usio na jina atanunua nani?"

"Anayetaka kuunywa. Wa kwenu watautazama."

Wakili alikuwa ameshaliwaza hilo. Akatoa kwenye mkoba karatasi za chupa, zimeshachapishwa kwa wino wa dhahabu, na chini yake maandishi madogo: *Kwa mapambo ya kabatini*. Oda, alisema, zilikuwa zimeanza kuingia. Akazipanga sawasawa, akampa afisa moja ya ukumbusho.

Mama Mizabibu akasimama, akajifunga mtandio. Afisa akainama kwa mtoto, akampa peremende, sauti ikawa ya sukari.

"Na wewe, binti mzuri, utamwambia mama asishindane na wakubwa. Haya?"

Mtoto akaipokea peremende. Akaitazama chupa, akamtazama afisa. Wakili akasogeza glasi katikati, taratibu. Mama yake hakumkonyeza wala hakumbana mkono. Alimwacha mwenyewe na mdomo wake.

"Kesho tunavuna," mtoto akasema.